Laki Tano ya Kuanzia Chaneli: Inunue Nini, Iache Nini

Pita Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, useme tu kwamba unataka kuanza kurusha video mtandaoni. Kabla hujamaliza sentensi utakuwa umewekewa mezani taa ya duara yenye stendi, maiki isiyo na waya, kitambaa cha kijani cha kutundika ukutani na, ukionekana una chochote mfukoni, kamera ya Canon "iliyotumika kidogo tu" kutoka Dubai. Muuzaji hana kosa, kuuza ndiyo kazi yake. Lakini wengi ninaowajua walioanza kwa kishindo wakanyamaza baada ya miezi michache hawakuangushwa na taa. Waliangushwa na bando, na muda, na malipo ambayo hakuna aliyewaambia yanakuja lini wala yanapita wapi.

Basi tupige hesabu. Mtu wetu ana laki tano, ana simu, na anaishi Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania. Bei za vifaa nitakazotaja ni za kukadiria. Dukani kuna kupatana, na wiki ijayo huenda zikawa nyingine. Dola nimeihesabu kwa shilingi 2,500.

Vifaa

Simu uliyo nayo inatosha. Nasema hivyo kwa mtu mwenye Tecno, Infinix au Samsung ya kawaida inayorekodi kwa 1080p bila kukwama. Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani aliyejulikana India nzima mwishoni mwa 2021 kwa kuigiza nyimbo za filamu za Kihindi pamoja na dada yake Neema, alirekodi nje, juani, kwa simu, amevaa shuka. Ubalozi wa India nchini ulimtunuku Februari 2022, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja redioni. Mwaka 2020 Elsa Majimbo wa Kenya alipata umaarufu akiwa nyumbani, na simu, chipsi za pakiti na miwani ya jua. Siwataji ili uamini nawe utafika huko. Nawataja kwa sababu hakuna kati yao aliyeanzia kwenye studio.

Kitu cha kwanza cha kununua ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti ya mwangwi wa chumba kitupu, feni na bodaboda humfukuza ndani ya sekunde chache. Maiki ya kubana kwenye kola yenye waya, kama Boya BY-M1, hupatikana kwa takriban 40,000. Zile ndogo zisizo na waya zimejaa sokoni kwa kati ya 25,000 na 60,000, na zinapendeza machoni. Mimi ningechukua yenye waya. Zisizo na waya za bei ya chini huishiwa chaji katikati ya mahojiano, na penye simu nyingi hukwaruza. Ila angalia simu yako kwanza: nyingi za sasa hazina tundu la duara la earphone, kwa hiyo utahitaji maiki yenye kichwa cha Type-C au kiunganishi chake. Ijaribu hapohapo dukani kwenye simu yako mwenyewe, siyo ya muuzaji.

Stendi ya miguu mitatu ni 30,000 hivi, na hii usibishane nayo. Taa ya duara, kama 35,000, inamfaa mtu anayerekodi usiku baada ya kutoka kazini. Mwenye nafasi mchana akae tu mbele ya dirisha.

Kamera ndiyo mtego. Iliyotumika, ya kueleweka, huanzia kwenye milioni moja na ushee, na kamera haiji peke yake, huja na ndugu zake: lenzi, betri ya pili, kadi ya kumbukumbu yenye kasi, mkoba, kisha kompyuta yenye nguvu ya kufungua mafaili yake. Kwa anayepiga harusi wikiendi na kulipwa, ni kitendea kazi kinachojilipa. Kwa anayeanza chaneli ya mapishi, ni deni.

Kuediti nako kuna bei tatu. CapCut kwenye simu ni ya bure, ingawa mapambo yake mengi siku hizi yamehamishiwa upande wa kulipia. Unaweza kuishi bila hayo. DaVinci Resolve kwenye kompyuta ina toleo la bure lililokamilika kuliko programu nyingi za kulipia, na toleo lake kubwa ni dola 295 unazolipa mara moja. Adobe Premiere Pro hukodishwa kwa takriban dola 23 kwa mwezi, yaani mwaka mmoja unakaribia bei ya Resolve ya maisha. Kwa mtu wetu jibu ni CapCut. Njia ya nne ni kumlipa mtu akueditie. Hata ukimpata wa 20,000 kwa video, video mbili kwa wiki ni 160,000 kwa mwezi, na laki tano yako itakufa mwanzoni mwa mwezi wa nne hata kama hukununua kingine chochote.

Bando, mlaji wa kimya

Mwaka 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliweka kiwango cha chini na cha juu cha bei ya data kwenye vifurushi: shilingi 2.03 hadi 9.35 kwa MB moja. Maana yake GB moja ilianzia shilingi elfu mbili na kitu na ingeweza kufika zaidi ya 9,000, kutegemea umenunua kifurushi gani. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Anayenunua vibando vya mia tano mia tano hulipa kwa kila MB zaidi ya mwenzake anayenunua cha wiki au cha mwezi, na bado kinamwishia saa sita usiku kikiwa na salio. Hesabu yangu naiweka kwenye 2,500 kwa GB, bei ya mnunuzi aliyejipanga.

YouTube inapendekeza video ya 720p ipandishwe kwa megabiti 5 kwa sekunde, ya 1080p kwa 8, na ya 4K kwa 35 au zaidi. Chukua video ya dakika 10. Kwa 720p ni kama MB 375, kwa 1080p ni MB 600, na kwa 4K inapita GB 2.6. Ukipandisha video nane kwa mwezi, ya kwanza itakugharimu 7,500, ya pili 12,000, ya tatu 52,500. Watazamaji wako wengi wataitazama kwenye simu, nao pia wanabana bando, hivyo ile 4K uliyoilipia hawataiona kamwe. Piga 1080p; mwezi ukikaza, shuka 720p bila kuona haya.

Laivu ni habari nyingine. Saa moja ya 720p kwa megabiti 4 ni GB 1.8, sawa na 4,500. Anayekwenda laivu kila siku kwa saa moja anateketeza GB 54 kwa mwezi, yaani 135,000. Huyo aachane na bando la simu atafute faiba. Vifurushi vya nyumbani vya bei ya chini mijini huanzia takriban 55,000 kwa mwezi, na kiasi hicho ni sawa na GB 22 kwa bei yetu. Kwa hiyo mpaka uko hapo: chini ya GB 22 kwa mwezi baki na bando, juu yake faiba inashinda, kama imefika mtaani kwenu. Kama haijafika, uliza mtandao wako kama una kifurushi cha usiku na upandishe video watu wakiwa wamelala.

Sauti tupu ndiyo inayonishangaza kila nikiipigia hesabu. Podikasti ya nusu saa kwa kilobiti 128 ni MB 29 tu. Kwa bei yetu ni shilingi sabini na ushee, pungufu ya andazi. Hakuna maudhui rahisi kutengeneza kama haya, na hakuna yaliyo magumu kuyauza kama haya, kwa sababu msikilizaji wetu bado anapenda kuona uso wa anayesema.

Kwenye bando ongeza lile lisiloonekana: kutazama wanachofanya wenzako, kujibu maoni, kupandisha upya faili lililokwama. Kwa mtu makini, 42,000 kwa mwezi kwa jumla ni kiwango cha kuheshimika. Kwa mwaka inapita laki tano. Yaani bando peke yake linameza mtaji wote wa kuanzia, na hakuna anayelitaja Aggrey.

Kisha kuna siku ambazo bando unalo ila intaneti hakuna. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikachukua siku kadhaa kurejea. Mtandao wa X nao ulifungwa nchini Mei 2025. Aliyekuwa amejenga wafuasi wake wote hapo alijikuta hana duka. Mafaili yako yaweke kwenye kadi au diski yako mwenyewe, na usiwe na ukurasa mmoja tu.

Nani atakulipa?

Swali hili ndilo lingetakiwa kutangulia vifaa, maana njia za malipo zinatofautiana zaidi kuliko kamera na simu.

YouTube inagawana nawe matangazo ukiwa na sabskraiba 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa hizo ni dakika 240,000. Ikiwa mtazamaji wako wa kawaida anakaa dakika nne, unahitaji video zako zitazamwe mara 60,000. Ukipenda njia ya video fupi, sharti ni kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, yaani zaidi ya mara 111,000 kila siku. Ukiingia, mgawo wako kwenye video ndefu ni asilimia 55, kwenye fupi ni 45. Kwa mtengenezaji wa Kiswahili asiye na kisa cha kusambaa kila wiki, video ndefu inafikika. Fupi iwe ya kuwavuta watu waje kwenye ndefu.

Kutimiza idadi hakukuhakikishii kuingia. Chaneli hukaguliwa, na zile zilizojengwa kwa vipande vya mechi, tamthilia za watu na mahojiano yaliyochotwa kwingine hukataliwa. Hata wimbo wa Bongo Fleva unaopiga kwenye redio ya bajaji nyuma yako unaweza kutambuliwa, na mapato ya video hiyo yakaenda kwa mwenye wimbo. YouTube ina maktaba ya muziki wa bure. Haina utamu wa Diamond, ila haikudai.

TikTok inajaza watu haraka kuliko mtandao wowote, lakini mpango wake wa kulipa kwa idadi ya watazamaji umefunguliwa kwa nchi chache kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani na Brazil. Wanaokuuzia akaunti "ya Uingereza" ili ulipwe wanakuuzia kitu kinachoweza kufungwa siku yoyote, na jina la kwenye malipo silo lako. Kinachobaki ni zawadi za laivu, na TikTok hukata fungu kubwa kabla hazijakufikia. Kumbuka pia ile hesabu ya bando la laivu.

Turudi kwenye fedha za YouTube, maana safari yake ni ndefu na kila kituo kina nauli. Mapato yakifika dola 10, Google hukutumia barua yenye namba ya siri kwa posta. Ndiyo, kwa posta, kwenye nchi ambayo wengi wetu hatuna sanduku. Tumia S.L.P. unayoweza kuifikia kweli, yako au ya mtu unayemwamini, na uiandike sawasawa. Ukipitisha miezi minne bila kuiingiza namba ile, matangazo husimamishwa. Malipo hutoka yakifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi, kwenda benki, na benki nayo hukata chake. Jina la akaunti ya malipo lifanane na la benki na la kitambulisho cha NIDA. Jina la usanii liache kwenye chaneli.

Kuna kodi ya Marekani pia, ambayo wengi huigundua wakiwa wameshakatwa. Google hukutaka ujaze fomu ya kodi hata kama hujawahi kukanyaga huko. Usipoijaza, inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote. Ukiijaza, hukatwa asilimia 30 ya fungu linalotokana na watazamaji walioko Marekani peke yake, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Kama ndugu zetu wa Minneapolis na Houston ni sehemu kubwa ya watazamaji wako, hesabu hiyo inakuhusu. Nyumbani, Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo kwa watengeneza maudhui ya kidijitali. Kenya iliweka kiwango kama hicho 2023, baada ya kupendekeza 15 kwanza.

Sasa thamani yenyewe. Matangazo yanayolenga watazamaji wa Afrika Mashariki hulipa kidogo. Tuseme unabakiwa na nusu dola kwa kila kutazamwa mara 1,000. Zile dola 100 za kuanza kulipwa zinahitaji kutazamwa mara 200,000. Fedha hiyo ni 250,000. Halafu linganisha na hili: mwenye duka la vipodozi Morogoro anakupa 50,000 umtaje kwenye video zako mbili, kwa sababu wafuasi wako 3,000 wengi ni wa Morogoro. Kwa kiwango kile cha nusu dola, elfu hamsini hiyo ni sawa na kutazamwa mara 40,000, na anailipa kwa simu jioni ileile, bila posta wala fomu ya Marekani.

Kwa hiyo kwa mtu mdogo, mji wake ni mali kuliko umati wa mbali. Chaneli ya "maisha na burudani" inashindana na kila mtu duniani. Chaneli ya bei za mazao soko la Mabibo, au ya kurekebisha pikipiki, au ya upimaji wa viwanja Kibaha, ina watazamaji wachache ambao mfanyabiashara anawataka. Huyo mfanyabiashara hataulizia kamera uliyotumia, atauliza ni wangapi walipiga simu.

Leseni

Hapa kuna tofauti kubwa ya gharama kuliko zote, na inategemea utasema nini. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai ada ya maombi 100,000, leseni ya awali milioni moja na ada ya mwaka milioni moja, na adhabu ya kuendesha bila leseni ikawa faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Blogu nyingi zilifungwa mwaka ule. Baadaye ada zilishushwa, ya habari ikawa 500,000, na marekebisho ya 2022 yakaliacha sharti la leseni upande wa habari na matukio, yakiwaondolea mzigo walio upande wa burudani na elimu. Kanuni hizi zimebadilika mara nyingi, kwa hiyo kabla ya kuanza ingia ofisi ya TCRA au tovuti yao uthibitishe ada ya siku hiyo. Mpishi, mchekeshaji na mwalimu wa hisabati hawamo kwenye kundi la anayetaka kuripoti kesi mahakamani. Anayejiita "Online TV" ilhali anapika maandazi anajitafutia maswali bure.

Mgawanyo wangu

Laki tano ningeigawa hivi: maiki yenye waya 40,000, stendi 30,000, taa 35,000 kama unarekodi usiku, benki ya umeme 40,000 kwa ajili ya siku ambazo TANESCO wana yao. Jumla 145,000. Bando la 42,000 kwa miezi minane ni 336,000. Zinabaki 19,000 za nauli na posta. Usinunue wafuasi, hawatazami. Usilipie semina ya "siri za YouTube", masharti yote yako wazi kwenye kurasa za YouTube wenyewe.

Usiache kazi yako ndani ya miezi hiyo minane, wala usikope kwenye simu kwa ajili ya chaneli. Mwezi wa tatu, ukiwa na wafuasi mia chache wa eneo lako, anza kuwagongea wenye maduka. Kamera iangalie tena siku matangazo ya mjini kwenu yatakapoweza kuilipa yote bila kugusa mshahara. Na kama unachotaka ni habari, laki tano hii haikutoshi: ada ya leseni peke yake inaimaliza kabla hujanunua hata maiki, kwa hiyo tafuta milioni na nusu kwanza, au uanze na mada isiyodai leseni.